Paa la tanuri la boila ya kuni: anza na chuma, tofali lifuate

Paa la tanuri likianguka, maelezo ya kwanza utakayopewa pale kiwandani ni kwamba matofali yameyeyuka. Okota kipande kimoja, kipasue, ukitazame. Kwenye boila za kuni za viwanda vya chai, iwe Kericho, Nandi, Mufindi au Rungwe, mara nyingi utakuta upande uliotazama moto una ngozi nyembamba inayong'aa, na nyuma ya ngozi hiyo tofali ni zima. Halikuyeyuka. Limekosa wa kulishikilia: kuta zimesogea nje, nati zimelegea, au lilipashwa moto kwa pupa likapasuka wiki ya kwanza. Kwa hiyo usanifu wa paa uanze na vyuma vya nje. Bei ya matofali utaiuliza baadaye.

Tuchukue mfano wa kawaida: tanuri la matofali lililojengwa mbele ya boila, upana wa ndani mita 1.8, urefu mita 2.4, linalochoma mikaratusi iliyokauka hadi unyevu wa asilimia 25 hivi. Joto chini ya paa tulihesabu nyuzi 1,000 hadi 1,150 za Selsiasi. Boila kubwa za viwanda vya sukari zinazochoma makapi ya miwa kwa kawaida huwa na mabomba ya maji yanayopoza kuta na paa, kwa hiyo nyingi ya hesabu hizi haziwahusu wao.

Kwa upana wa chini ya mita 3, tao la matofali bado ndilo chaguo bora. Paa bapa la kuning'iniza lina faida tanuri likiwa pana sana, lakini linadai matofali ya umbo maalumu ambayo usipoyaweka akiba utayasubiri yaje kwa meli. Paa la zege la moto (zege la kumwaga linalostahimili joto) ni zuri pia, ila linategemea mno mchanganyaji na mkaushaji, na hao wawili ndio wanaokosea zaidi. Nitalirudia baadaye.

Tao la pembe ya nyuzi 60 lina hesabu rahisi: nusu kipenyo chake cha ndani ni sawa na upana wa tanuri, na kimo cha tao katikati ni 0.134 ya upana. Kwa mita 1.8 unapata kimo cha milimita 240. Kuna wanaolishusha ili paa lipite chini ya jukwaa au bomba fulani. Wajue gharama yake: tao la kimo cha milimita 120 kwa upana uleule husukuma kuta kwa nguvu ya karibu mara mbili. Afadhali kuhamisha bomba.

Sasa msukumo wenyewe. Tao la unene wa milimita 230 lina uzito wa kilo 970 hivi kwa kila mita ya urefu wa tanuri. Likiwa baridi, linasukuma kila upande kwa takriban kilo 840 kwa mita. Likipata moto matofali yanatanuka, na nguvu hiyo izidishe kwa 2 hadi 3. Ukichukua 2.5 unapata tani 2.1 kwa mita, kila upande. Hakuna ukuta wa matofali unaobeba mzigo wa pembeni kama huo kwa miaka. Ubebwe na chuma: cheneli (chuma cha umbo la U) ya milimita 150 inayolala nyuma ya matofali ya bega, yale ambayo tao linaegemea kila upande, kwa urefu wote wa tanuri, nguzo za chuma cha I kila baada ya sentimita 80 hivi, na kila jozi ya nguzo ifungwe juu na chini kwa nondo zenye uzi na nati. Nondo ya M20 (kipenyo cha milimita 20) ingetosha kwa hesabu. Weka M24, kwa sababu ile ya juu inaishi kwenye joto na uzi huliwa na kutu. Ipite angalau milimita 150 juu ya mgongo wa tao, ipigwe na hewa. Usiifunike kamwe kwa blanketi la nyuzi za kauri. Chuma cha kawaida kikizidi nyuzi 400 kinaanza kupoteza nguvu, na nondo iliyofunikwa hairefuki ghafla. Hurefuka kidogo kila wiki, huku kiwanda kikiendelea na kazi.

Nyuma ya tofali la bega pasiwe na tofali jepesi la kuzuia joto wala sufu. Weka tofali gumu hadi kwenye cheneli, pasipo upenyo. Kitu laini hapo kitabonyea, na kila milimita inayobonyea mabegani inashusha katikati ya tao. Chini ya bega hali ni kinyume: ukuta wa ndani wa kimo cha mita 1.5 hupanda milimita 8 hivi ukipata moto, kwa hiyo kama bega limekaa kwenye rafu ya chuma, acha nafasi ya milimita 10 na uijaze nyuzi za kauri. Bila nafasi hiyo ukuta utainua bega, na tao litafunguka.

Matofali ya moto ya alumina asilimia 40 hadi 45, yaliyochomwa vizuri na yenye vinyweleo vichache, yanatosha kwa kuni. Wauzaji hupenda kukupandisha hadi alumina 60 au 70. Kwa mafuta mazito ningesikiliza. Kwa kuni sioni sababu. Majivu ya kuni yana potasi na chokaa. Mvuke wa potasi huingia kwenye vinyweleo vya tofali, hukutana na alumina na silika, na kutengeneza madini mapya yanayochukua nafasi kubwa zaidi ya yale ya awali; tofali hubanduka kwa matabaka. Tofali la silika nyingi kiasi hujitengenezea ile ngozi inayong'aa, nayo hupunguza kupenya kwa potasi. La alumina nyingi halijikingi hivyo kirahisi, ingawa bei yake ni kubwa zaidi. Tofali la silika tupu nalo usiliguse: hupasuka likipoa na kupashwa tena, na boila ya chai hupanda na kushuka kila mara. Matofali mekundu ya ujenzi yasikaribie paa hata kwa kuziba pengo. Mengi hulegea nyuzi 1,000 hadi 1,100. Na kaolini ya Pugu ni udongo mzuri, lakini udongo ambao haujachomwa na kupimwa si tofali.

Kwa tao letu, ukitumia kabari (matofali yanayopungua unene kutoka milimita 76 hadi 64) za 230 × 114 × 76/64 pamoja na matofali ya mraba ya 230 × 114 × 76, kila pete, yaani mstari mmoja wa tao kutoka bega hadi bega, inahitaji kabari 20 na ya mraba 7 au 8, kutegemea unene wa viungio. Urefu wa mita 2.4 ni pete 21, yaani karibu matofali 590. Agiza 650. Jenga pete moja moja zisizoshikana, ili siku moja ikiharibika uitoe bila kugusa jirani yake. Tao lililofungamana lina nguvu zaidi, ni kweli, lakini kulikarabati ni kulibomoa.

Fremu ya mbao ya kubebea tao ikae juu ya kabari za mbao, iweze kushushwa milimita 20 bila kupigwa nyundo. Panga pete ya kwanza kavu, bila motar, uone kama uwiano wa kabari na mraba ni sahihi: matofali yakigusana juu tu au chini tu, badilisha idadi. Motar iwe ya moto, ya aina ileile ya tofali, nyepesi kama uji wa mtoto, na kiungio kisizidi milimita 2. Saruji ya kawaida hapana. Hupoteza maji yake kwenye nyuzi 400 hadi 500, na chokaa inayobaki hunyonya unyevu tanuri likipoa, ikavimba na kuvunjika. Jenga pande zote mbili kwa pamoja kuelekea katikati. Tofali la ufunguo, lile la mwisho la katikati, lisimame juu kwa theluthi moja ya urefu wake kabla ya kugongwa kwa nyundo ya mpira, na ukilazimika kulikata, likate kwa msumeno, lisipungue theluthi mbili ya unene wa kawaida.

Kisha hatua inayorukwa na wengi: kabla ya kushusha fremu, kaza nati za nondo kwa zamu, robo mzunguko kila moja, hadi tao lianze kuachana na fremu. Ukishusha fremu kwanza ndipo ukaze, tao litakuwa limekwisha kukaa chini na viungio vya ndani vimefunguka.

Likipashwa moto, katikati ya tao hili itapanda milimita 10 hivi. Hiyo ni afya yake. Kwa hiyo pasiwe na kitu chochote kinachokaa juu ya mgongo wake: si bamba la kutembelea, si bomba, si gunia la majivu. Kwa urefu, acha nafasi ya milimita 5 hadi 6 kwa kila mita kwenye ncha za paa, ijazwe nyuzi za kauri.

Kuhusu kufunika paa ili kuokoa kuni, hapa mhasibu na fundi hawaelewani. Tao tupu la milimita 230, moto ukiwa nyuzi 1,100 chini, huwa na nyuzi 250 hivi kwenye mgongo. Lifunike kwa blanketi la milimita 50 na upotevu wa joto hushuka hadi karibu theluthi moja, lakini mgongo wa tofali hupanda hadi nyuzi 800 na zaidi. Wastani wa joto ndani ya tofali unatoka nyuzi 670 au 680 kwenda karibu 960. Ile nusu ya juu iliyokuwa baridi ndiyo iliyokuwa inabeba mzigo. Sasa nayo inalegea pole pole. Kama lazima ufunike, tumia blanketi la milimita 25, pandisha ubora wa tofali daraja moja, na hesabu upya kutanuka. Akiba ya kweli ya kuni ipo kwenye kukausha kuni zenyewe.

Zege la moto lina mahali pake: kizingiti cha mlango, pua ya paa pale moshi unapogeukia boila, kona zisizokubali tofali. Chagua la alumina asilimia 45. La kawaida hunywa maji asilimia 9 hadi 12 ya uzito, lenye saruji kidogo hunywa 5 hadi 7. Fuata mfuko, upime kwa mizani, si kwa ndoo. Maji yawe safi ya kunywa. Fundi akiongeza maji ili limwagike vizuri, amepunguza nguvu na ameongeza mvuke utakaotafuta njia ya kutoka. Changanya dakika 3 hadi 5, limwage ndani ya dakika 20. Nanga za paa, vile vyuma vinavyoshikilia zege, ziwe za chuma kisichoshika kutu daraja la 310, kila baada ya milimita 150 hadi 200, ncha zake zikome milimita 25 hadi 30 kabla ya uso wa moto, na zivishwe kofia za plastiki au utepe. Plastiki ikiungua inaacha upenyo wa chuma kutanukia. Nanga tupu hupasua zege kuanzia nchani, na utaona nyufa zimepangika kwa mistari ya nanga zako. Paa nene kuliko milimita 200 lishikwe kwa nanga za kauri.

Kupasha moto mara ya kwanza kunaharibu mapaa mengi kuliko miaka ya kazi. Zege likae saa 24 likiwa na unyevu. Kisha thamokapo (kipimajoto cha waya) ya aina ya K iwekwe karibu na paa, na moto wa vijiti, siyo magogo: panda nyuzi 25 kwa saa hadi 120, simama saa moja kwa kila milimita 25 za unene, panda nyuzi 30 kwa saa hadi 350, simama tena, hadi 600, simama, baada ya hapo nyuzi 50 kwa saa. Mvuke ukiwa bado unatoka kwenye viungio, usipande. Zege lililoharakishwa hulipuka, na vipande vyake humfikia aliyesimama mlangoni. Tao la matofali lina uvumilivu zaidi, lakini nalo lipe siku mbili, na zungukia nati kila saa chache: tao likipanda na nondo ikilia kwa kubana sana, legeza robo mzunguko.

Baada ya hapo adui ni mazoea. Mlango ulioachwa wazi baada ya kutia kuni humwaga hewa baridi juu ya tofali la nyuzi elfu moja. Maji ya mpira yanayorushwa ndani ili kupoza haraka kabla ya ukaguzi yanaua paa siku hiyohiyo. Feni ya kuvuta moshi ikizidiwa na ya kupuliza, tanuri linapata shinikizo, na ndimi za moto zinapenya viungio vya paa hadi kwenye nondo. Moshi ukionekana kuvuja juu ya mgongo, rekebisha mvuto kwanza. Kupaka motar juu hakusaidii.

Tanuri likipoa, ingia na tochi baada ya kugonga paa kutoka nje kwa fimbo ndefu. Kona za chini za matofali zikikatika vipande vya sentimita 2 au 3, nati zimekazwa kupita kiasi au kabari ni pungufu. Viungio vikiwa wazi upande wa moto katikati ya tao, mabega yamesogea nje. Pima umbali kati ya nguzo, juu na chini, ulinganishe na ule wa siku ya ujenzi. Tofali lililobaki na chini ya theluthi mbili ya unene wake litoke pamoja na pete yake nzima. Weka stoo pete tatu kamili, kabari 60 na mraba 24, kwenye sakafu kavu. Mifuko ya zege usiilimbikize: soma tarehe ya kutengenezwa, na iliyopita mwaka itumie kwenye sakafu ya majivu, si kwenye paa, juu ya kichwa cha mtu.