Kampita mama mkwe sokoni bila salamu: kabla hujasema ni dharau

Ndugu yangu wa Mbale, umeandika kwamba mke wako alipishana na mama yako sokoni, uso kwa uso, akapita bila salamu, na sasa ukoo mzima unasema umeoa mwanamke mwenye dharau. Lakini umeandika pia kwamba nyumbani anampigia magoti mama huyo huyo na kumtengea chakula kabla hajaomba. Hapo ndipo niliposhtuka. Dharau gani hiyo inayojitokeza sokoni tu?

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Busia, upande wa Uganda, na sura za watu hazinikai. Macho yangu ni mazima, sindano naitunga bila miwani. Uso wako nauona vizuri, pua, kovu, hata kama umekasirika najua. Ila ukienda kubadilisha shati na kufunga kitambaa kichwani, ukirudi kwangu ni mgeni.

Miaka yote nilidhani ni uzembe wangu, mpaka mwanangu alipoanza kidato cha kwanza bwenini. Shule zetu mnazijua: watoto wote wamenyolewa, wavulana kwa wasichana, sare moja. Nyumbani namjua mwanangu kwa anavyoburuta ndara na kwa kikohozi chake kidogo kabla ya kusema neno. Siku ya kutembelea watoto nilifika na chapati na kuku, nikaona mvulana wa kimo chake ananitazama, nikamkumbatia. Akaniambia kwa adabu, "Madam, mimi si wako." Wangu alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake, ameona yote. Alikula kimya. Chakula kilipoisha akaniuliza kama wiki sita zinatosha mama kumsahau mtoto.

Sikulala usiku ule. Ndipo nikaanza kusoma na kuuliza.

Hali hii ina jina: prosopagnosia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya uso na kutojua. Aliyeipa jina hilo ni daktari wa Kijerumani, Joachim Bodamer, mwaka 1947, akieleza watu walioumia kichwani. Mmoja wao alikuwa kijana aliyepigwa risasi ya kichwa. Alipopona hakuwatambua jamaa zake, wala uso wake mwenyewe kwenye kioo. Lakini wengi wetu hatujaumia popote, tumezaliwa hivi, na mara nyingi hali hii hufuata ukoo. Kadirio linalotajwa sana ni mtu 1 kati ya 50. Nikitazama darasa langu la watoto 100, huenda wawili wanahangaika kama mimi na hawajui.

Jambo lililonifungua macho kuliko yote ni hili la vitu. Hapa mpakani ndipo biashara ya boda ilipozaliwa, kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo. Baiskeli za steji yetu nazijua zote: ile ya mto mwekundu, ile iliyochomelewa fremu, ile ya kengele mbovu. Mwenye baiskeli akishuka akasimama pembeni, simjui. Nilikuwa naona ni maajabu, kumbe yana maelezo. Mwaka 1997 Nancy Kanwisher na wenzake huko Marekani walionyesha sehemu moja upande wa chini wa ubongo, hasa kulia, inayochangamka sana mtu anapotazama sura kuliko anapotazama nyumba au vitu vingine. Mwaka huo huo watafiti wa Kanada wakaeleza habari za mwanamume aliyegongwa na gari akawa kinyume changu kabisa: vitu vya kawaida hakuvitambua, sura alizitambua bila shida. Akionyeshwa mchoro wa uso uliopangwa kwa mboga na matunda, aliuona uso, mboga hakuziona. Wapo wataalamu wanaopinga, wakisema sehemu ile ni ya ujuzi tu, kwa kuwa waliobobea katika kutambua ndege au magari huchangamka hapo pia. Mimi yule mwanamume ananitosha.

Tena sura haisomwi kipande kipande. Ubongo huichukua nzima kwa mara moja. Geuza picha ya mama yako kichwa chini uone utakavyopapasa. Robert Yin alionyesha mwaka 1969 kwamba kupinduliwa huko kunavuruga sura kuliko kunavyovuruga nyumba au eropleni. Mimi huzisoma sura vipande vipande hata zikiwa wima. Ndiyo maana nywele, kitambaa na mwendo ni nguzo zangu, na siku ya sherehe, kina mama wote wakiwa ndani ya gomesi, lile vazi refu la sherehe la Uganda, nguzo hizo zinaanguka. Shule zilipofunguliwa Januari 2022 tukiwa na barakoa, walimu wenzangu walilalamika muhula mzima kwamba hawawajui watoto. Niliwasikiliza kwa moyo mzito, maana ndiyo siku zangu zote.

Sasa wewe. Usimwite mkeo kwenye kikao cha ukoo. Mwambie mama aanze yeye kuita jina, sauti itamaliza kazi. Mkikutana mjini, mtajie mahali na nguo uliyovaa. Dawa haipo, lakini kama jambo hili limemwanza ghafla, baada ya ajali au kuumwa kichwa vikali, mpeleke hospitali leo, usingoje.

Mwanangu siku hizi husimama chini ya mwembe ule ule, na akiniona huanza kukohoa.

Naomba unijibu mambo mawili. Mama akimpigia simu kwa namba ngeni, anamjua kwa sauti? Na mkitazama filamu, je, mkeo hukuuliza mara kwa mara huyu ni nani, hata kama ndiye yule wa mwanzo aliyevua kofia?