Mashine kuukuu ya kufungashia unga: anza na spana, PLC baadaye

Nilipoitwa Morogoro kuangalia mashine ya kufungashia unga wa lishe, nilikuwa nimetoka kujifunza PLC, kompyuta ndogo ya kuendeshea mashine, na mikono ilikuwa inaniwasha. Mashine yenyewe ni ya Italia, ya miaka ya 1980, aina ile ya wima: filamu ya nailoni inatoka kwenye roli nyuma, inapita kwenye kola, yaani shingo ya bati, na kukunjwa kuwa bomba, inazibwa ubavuni, unga unashushwa na skrubu kubwa inayozunguka, halafu taya mbili za moto zinabana na kisu kinakata. Vitufe vyake vimeandikwa MARCIA na ARRESTO, yaani washa na zima. Akina dada wa pale walidhani Marcia ndilo jina lake. Mpaka leo utasikia, "Marcia kagoma."

Mwenye kiwanda alitaka mambo mawili tu: uzito usiyumbe, na mifuko isifumuke njiani. Mimi nikafungua paneli, nikaona relei, zile swichi zinazowashwa na umeme, zimeungua na nyaya zimeungwaungwa, nikasema, "Mama, tung'oe hii yote tuweke PLC." Akaniangalia. "Wewe ndiye fundi, mwanangu." Karibu nusu ya pesa yake ikaishia hapo.

Siku ya kuwasha, paneli ilikuwa inang'aa. Tukapima mifuko 20 ya kilo moja. Mwepesi kuliko yote na mzito kuliko yote walipishana gramu 40, vilevile kama mwanzo. Mama hakusema neno, akaenda kuchemsha chai.

Shida haikuwa kwenye umeme. Shafti ya skrubu ilikuwa inacheza kwenye bushi, ile pete ya chuma inayoishikilia. Ukiishika na kuitikisa unasikia inagonga. Mbaya zaidi, breki ya sumaku inayoisimamisha ilikuwa imelika, kwa hiyo kila ikiambiwa simama iliteleza kidogo, leo robo mzunguko, kesho zaidi. PLC ilikuwa inatoa amri kwa wakati wake, na huku chini hakuna wa kuitii.

Kwa hiyo ukiletewa mashine ya namna hii, zima umeme, legeza mkanda, uizungushe kwa mkono mzunguko mzima, taratibu. Sikiliza beringi. Tazama kama taya zinakutana sawasawa: bana karatasi kati yake, kushoto, katikati, kulia, kisha ivute. Panapovutika kirahisi ndipo mfuko utakapofumukia. Nusu saa hiyo ingeniokoa aibu. Bushi tulikwenda kukerezewa Gerezani, Dar es Salaam, na hapo usiseme "nitengenezee kama hii" ukaondoka. Fundi wa kukereza atakupa chuma alicho nacho. Kinachogusa chakula mwambie kabisa ni chuma cha pua, na grisi iwe ile ya mashine za chakula, si ya magari.

Breki hatukuitengeneza. Tukaitoa pamoja na klachi yake, tukafunga mota ya servo inayohesabu mizunguko na kusimama pale pale. Hapo ndipo PLC ilipoanza kula mshahara wake. Bado uzito ulikuwa unapanda asubuhi na kushuka kila hopa, lile pipa la unga la juu, ilipokaribia kuisha, kwa sababu unga mwingi juu unaushindilia ule wa chini. Tukaweka sensa ya kushika kina cha unga, isiyotegemea mwanga maana vumbi lingeipofusha kabla ya saa sita. Tofauti ikashuka hadi gramu 8. Afisa wa Wakala wa Vipimo akija, mama hajifanyi tena anatafuta funguo.

Kufumuka kwa mifuko kulinisumbua siku tatu. Kidhibiti joto kipya kinaonyesha nyuzi 150, mfuko unafunguka kwa kidole. Nikapandisha 170, 180. Kumbe termokapo za zamani, yaani vipima joto vya waya, zilikuwa aina ya J, na kidhibiti nilikuwa nimekiacha kwenye aina ya K. J inatoa volti nyingi zaidi kwa joto lile lile, kwa hiyo kidhibiti kikidhani ni 150, taya ziko karibu na 120. Kubadilisha kulichukua dakika moja kwenye menyu. Siku tatu!

Kosa jingine langu: feni ya kupoza paneli niliiweka bila kichujio. Baada ya wiki mbili nilifungua nikakuta unga wa lishe umelala juu ya kontakta, swichi kubwa ya mota, kama vumbi la kiangazi. Sasa paneli zangu naziziba kabisa na kuzichagua kubwa, joto litoke kwa ubavu.

Kuna vitu tuliviacha kwa makusudi. Kamu, zile gurudumu zenye nundu zinazosukuma taya, ni za chuma kigumu, zimefanya kazi miaka 40, hazijui virusi wala betri. Kwa nini nizibadilishe na silinda za hewa zinazotaka kompresa? Lakini swichi ya mlango wa taya, ambayo mtu aliiunga waya ili mashine ikimbie mlango ukiwa wazi, hiyo niliirudisha siku ya kwanza, nikaongeza relei ya kulinda fezi, inayozima mashine fezi moja ya umeme ikikosekana, na nikahakikisha umeme ukirudi mashine inabaki kimya mpaka mtu abonyeze MARCIA. Dada mmoja alilalamika kwamba namchelewesha. Kidole chake cha shahada kina kovu la taya hizo hizo.

Mchoro wa nyaya nimeubandika ndani ya mlango wa paneli, umefunikwa nailoni. Nakala ya programu iko kwenye flashi, mama anaiweka kwenye kopo la iliki, na fundi atakayekuja baada yangu ataambiwa aikung'ute kwanza.