Maswali ya wasomaji: Tunataka kwenda hifadhi ya Itasca na watoto, tuanzie wapi?

SWALI: Dada shikamoo. Tunakaa Minneapolis hapa Minnesota, Marekani, mi na mume wangu, watoto watatu (mdogo ana miaka 4) na mama mkwe. Kila summer naona watu wanaenda hizi hifadhi za jimbo zenye maziwa, sisi tunabaki ndani. Mume anasema kule ni kwa wenye maboti na hema za bei, halafu hakuna anayejua kuogelea kati yetu. Tumesikia Itasca ni pazuri. Je tutaweza kweli? – Mama watatu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mtaweza, na mwambie shemeji boti si sharti. Kinachotakiwa ni kibali cha gari tu cha siku, na hiyo ni gari zima hata mkijazana humo na mama mkwe. Mkipapenda kuna cha mwaka mzima kinachoingia hifadhi zote za jimbo la Minnesota, na kabla hujalipa ulizia maktaba ya mtaani kwenu maana baadhi zinaazimisha kibali cha siku 7 kama wanavyoazimisha vitabu.

Kutoka hapo Minneapolis ni kama masaa manne kwenda kaskazini, kwa hiyo tokeni alfajiri au mlale huko huko. Itasca ndo hifadhi ya jimbo ya kwanza Minnesota, ilianzishwa 1891, ina maziwa zaidi ya 100 na misonobari mirefu ya zamani sana. Na hiyo misonobari jamani kuna watu waliipigania! Mwaka 1903 kampuni ya magogo ilifunga lango la bwawa, maji yakapanda, miti ikawa hatarini, basi Mary Gibbs, binti wa miaka 24 aliyekuwa kamishna wa hifadhi, akaenda kuwakabili wafungue na wale wakamtishia kwa bunduki. Wasimulie wanao hii mkiwa njiani.

Kikubwa cha kwanza nendeni pale mto Mississippi unapoanzia. Mto wote ule mkubwa unatoka Ziwa Itasca kama kijito, kuna mawe yamepangwa mnavuka kwa miguu na bango linasema kutoka pale hadi Ghuba ya Meksiko ni maili 2,552. Maji ni ya magotini hivi kwa mtu mzima, mama mkwe anaweza kukaa pembeni akaweka miguu. Ila mawe yanateleza, huyo wa miaka 4 ashikwe mkono muda wote, na mvae viatu vya kulowa.

Sasa nisikilize hapa kwenye kuogelea, maana ndo kinachonifanya niandike kirefu. Ufukwe wa kuogelea upo ila HAKUNA laifugadi, hakuna mtu analipwa kuwaangalia wanenu. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, anazama kimya kimya watu wakiwa wanapiga picha hapo hapo. Kwa hiyo pangeni zamu, mtu mzima mmoja kazi yake ni kuangalia watoto tu, simu anampa mwenzake, na zamu ikiisha anamkabidhi mwingine kwa mdomo, "sasa ni wewe". Wavalisheni laifujaketi zinazowatosha hata wakiwa ukingoni, yale maboya ya kupuliza ya mikononi ni ya kuchezea hayaokoi mtu. Mkikodi mtumbwi (vinakodishwa humo humo, na baiskeli pia) sheria ya Minnesota inataka mtoto chini ya miaka 10 avae jaketi chombo kikiwa kinaenda, lakini mi nasema vaeni wote, nyie si mmesema hamjui kuogelea? Na hilo la kuogelea mlitafutie darasa msimu wa baridi, wewe na shemeji pia.

Mbu wapo wengi. Kupe ndo wa kuogopa zaidi kwasababu wanaambukiza ugonjwa wa Lyme, mkirudi mkague watoto kwapani, nyuma ya magoti, kwenye nywele. Kama mtalala, chakula chote kiwe ndani ya gari sio kwenye hema, dubu weusi wapo. Sehemu ya kambi unaweza kubuku siku 120 kabla na wikiendi za Julai zinaisha haraka mno.

SWALI: Mi naishi St. Cloud, nataka kuvua samaki humo Itasca, leseni lazima? – Mvuvi

JIBU: Kama ni mkazi wa Minnesota, ukivulia ukingoni ndani ya hifadhi ya jimbo kwa kawaida huhitaji, isipokuwa maji yanayotaka stempu ya trauti, yaani kibali cha ziada cha kuvua samaki wa aina hiyo. Ndugu zako wakija kutoka jimbo lingine wao wakate leseni. Ukiwa na boti, imwage maji yote na utoe majani kabla ya kuondoka, ni sheria, maana kome aina ya zebra husafiri hivyo wakaharibu ziwa lingine.

SWALI: Tunaweza kubeba kuni zetu za kuchomea nyama na bia kidogo? – Baba Junior

JIBU: Kuni za nyumbani hapana kaka, zinabeba wadudu wanaoua miti aina ya ash ya huku, nunua zilizoidhinishwa, hifadhini zinauzwa. Bia nayo hairuhusiwi kunywa hadharani kwenye hifadhi za jimbo huko. Mkaa beba.