Vumbi Halipungui Kipimo

Maswali ya Wasomaji

Barua nne tulizozichagua mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni kujenga reli ndogo ya kuchezewa na watu wazima, inayotosha mezani au hata ndani ya sanduku la nguo. Ya kwanza ndiyo iliyotuchukua muda mrefu, na ndiyo tuliyoijibu kwa urefu.

Swali: Mhariri, salaam. Nilifanya kazi ya kubadilisha pointi, yaani zile reli zinazoielekeza treni njia nyingine, katika stesheni ya Voi hadi nilipostaafu, na sasa ninaishi Changamwe katika chumba na sebule. Mjukuu wangu ameniachia meza ya sentimita 60 kwa 90, nami nimeingiwa na hamu ya kujenga juu yake stesheni ya Voi ya zamani, ile ya reli ya mita. Nimesikia kuwa kuna kipimo kidogo kiitwacho Z. Je, kitanifaa, na nianzie wapi?

Jibu: Shikamoo mzee wetu. Kipimo cha Z kitakufaa, lakini nusu yake tu, na sababu yenyewe imo katika maneno yako uliposema "reli ya mita".

Kipimo hicho kilitolewa na kampuni ya Märklin ya Ujerumani mwaka 1972. Kila kitu hupunguzwa mara 220, na nafasi kati ya reli mbili huwa milimita 6.5. Ndugu yake mkubwa, kipimo cha N, hupunguza mara 160 na hutumia reli za milimita 9. Vipimo vyote viwili vimetokana na geji, yaani nafasi kati ya reli mbili, ya milimita 1,435, ambayo ndiyo ya nchi nyingi za Ulaya na ndiyo pia ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Kwa hiyo ukinunua treni ya Z na reli zake, ukaviweka mezani kama vilivyo, utakuwa umejenga SGR badala ya reli uliyoitumikia.

Sasa chukua kalamu. Reli yako, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ina geji ya milimita 1,000. Zigawe kwa 160 ya kipimo cha N, upate 6.25, tofauti ya robo milimita tu na reli ya Z, na hakuna jicho litakaloigundua. Maana yake ni kwamba utanunua reli za Z pamoja na bogi (fremu zenye magurudumu) na mota za Z, lakini mabehewa, majengo, watu na miti utavitengeneza kwa uwiano wa 1:160. Wapenzi wa reli za milimani za jimbo la Graubünden huko Uswisi, ambazo nazo ni za mita moja, hufanya hivyo hivyo na huuita mtindo huo Nm. Mabodi ya mabehewa unaweza kuyakata kwa karatasi nyembamba ya plastiki kwa wembe na rula ya chuma. Behewa la abiria la mita 18 litakuwa na urefu wa sentimita 11 na kidogo.

Najua swali litakalofuata, kwa sababu kila aliyeiona reli ile huliuliza: je, Garratt, kile kichwa kirefu cha mvuke? Vichwa vya daraja la 59, vilivyotengenezwa na Beyer, Peacock huko Manchester katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima, vilikuwa 34, na kila kimoja kilikuwa na urefu unaokaribia mita 32. Kwa uwiano wako hiyo ni sentimita 20. Meza yako ikishapoteza nafasi ya kona kila upande, sehemu iliyonyooka haitazidi sana sentimita 42, kwa hiyo mmoja wao, Mount Gelai, peke yake, kabla hujamfungia behewa hata moja, angekula karibu nusu ya stesheni. Ningekushauri uanze na kichwa cha dizeli chenye bogi mbili, cha mita 16 hivi, ambacho kitakuwa na sentimita 10 na kitaweza kusimama na mabehewa mawili bila kuziba pointi. Garratt mwekee tamaa ya baadaye.

Kuhusu kona, reli za Z za kiwandani huja na matao ya nusu kipenyo cha milimita 145, 195 na 220. Chukua ya 220. Hata hiyo, ukiizidisha mara 160, ni tao la mita 35, ambalo treni ya kweli ya reli yako isingelipita, nawe mwenye kazi yako utaliona na litakukera kila siku. Dawa yake ni kulificha. Acha mbele ya meza wazi kwa ajili ya stesheni iliyonyooka, kisha kona zote mbili na njia ya nyuma zipitishe nyuma ya vilima vya Taita, ambavyo kwa bahati njema vipo kweli upande huo na hutalazimika kusema uongo. Treni itatoweka kwa sekunde kadhaa na kurudi, na mtazamaji atadhani ilikwenda Mtito Andei.

Mwendo nao una hesabu yake. Treni ya kilomita 60 kwa saa, ikigawanywa kwa 160, hupita sentimita 10 kwa sekunde, na duara zima la meza yako, ambalo ni kama mita 2.2, litachukua sekunde 21. Wanaoanza huendesha mara tatu ya hapo.

Hapa nifike kwenye jambo ambalo huwakatisha tamaa watu wengi kuliko mengine yote. Ukipunguza urefu mara 160, uzito hupungua mara 160 kwa 160 kwa 160, yaani zaidi ya mara milioni nne, na kichwa cha tani 100 kwa hesabu hiyo hubaki na gramu 24. Umeme hutoka relini kwenda kwenye mota kupitia pale tu gurudumu linapogusa reli, na gramu 24 zilizogawanywa kwa magurudumu manane haziwezi kuponda chochote kilicholala njiani. Vumbi, kwa upande wake, halipungui kipimo. Punje ya robo milimita kwa treni ya 1:160 ni jiwe la sentimita nne lililowekwa juu ya reli. Mara tisa kati ya kumi injini inayosimama ghafla haijaharibika, imekanyaga uchafu.

Kwa hiyo, kabla ya rangi na miti, kata mfuniko. Kifuniko cha plastiki au hata kitambaa cha pamba kilichotandazwa juu ya fremu ya mbao kitakusaidia kuliko mota ya bei kubwa. Lehemu nyaya za umeme katika sehemu tatu au nne za duara badala ya kutegemea sehemu moja, kwa sababu viungio vya reli hulegea na hewa ya bahari huvishika haraka. Futa reli kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowekwa kidogo alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Usitumie ile spiriti ya kusafishia vidonda kabla hujasoma kibandiko chake, kwani baadhi yake huwa na mafuta ambayo hubaki relini na kukusanya vumbi zaidi. Msasa nao uuepuke kabisa; mikwaruzo yake ndiyo nyumba ya uchafu wa kesho.

Lipo pia suala la udongo. Nina hakika utataka udongo mwekundu wa Voi wenyewe, na mimi ningeutaka. Ukaange kwenye sufuria kuukuu hadi ukauke, uchunge kwa soksi ya nailoni ya wanawake ili upate unga laini kama wa ngano, kisha uutandaze kwenye gazeti na upitishe sumaku iliyofungwa kwa karatasi mara tano au sita. Utastaajabia vijinywele vyeusi vitakavyoinuka na kuganda kwenye karatasi. Hiyo ni chuma, na mota ya injini yako ina sumaku ndani yake, hivyo usipoitoa wewe, mota itaitoa yenyewe na kufa nayo. Ukishaupanga udongo mahali pake, unyunyizie maji kwanza, halafu udondoshee kwa bomba la sindano gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, pamoja na tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni, tone la gundi litakaa juu ya udongo kama lulu na kuviringika nao. Ukiweka sabuni, litazama mara moja.

La mwisho kwako ni volti. Injini za Z za zamani zilitengenezwa kwa volti 8, na za baadaye kwa volti 10. Mimi mwenyewe niliwahi kuiunganisha moja na adapta ya ruta ya intaneti ya volti 12, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Ilikimbia vizuri mno kwa dakika moja na nusu.

Swali: Mimi ni kijana wa Unguja, ninaishi chumba kimoja na mwenzangu. Nimeona kuwa kuna treni ndogo kuliko Z. Kwa nini nisianze nayo hiyo, maana sina hata meza?

Jibu: Unaizungumzia T, ya uwiano wa 1:450 na reli za milimita 3, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 2006. Ili upate picha yake, chukua mtu wa mita 1.70: katika kipimo cha N atakuwa na urefu wa mbegu ya tikiti, katika Z wa punje ya mchele, na katika T wa punje ya ufuta. Kituo kizima kinaenea kwenye sinia.

Uzuri huo una gharama zake. Treni ya T ni nyepesi kiasi kwamba isingeshika reli kwa uzito wake peke yake, kwa hiyo watengenezaji wake walitia sumaku kwenye magurudumu na kutengeneza reli kwa chuma ili sumaku zipate pa kushika. Reli za Z na N kwa kawaida ni za mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, ambao huchafuka lakini haupati kutu. Chuma hupata, na wewe unakaa kisiwani. Ukiacha dirisha wazi wiki nzima wakati wa masika, utazikuta reli zimepiga wekundu. Tena sumaku zilezile zinazoishikilia treni huokota kila chembe ya chuma iliyo karibu.

Simkatazi mtu anachokipenda, ila ningekuwa wewe ningeanza na Z ndani ya mkoba wa kiofisi, kama wanavyofanya wengi wasio na nafasi. Duara la nusu kipenyo cha milimita 145 linahitaji upana wa sentimita 32 hivi, na mkoba ukifungwa, vumbi na chumvi hubaki nje. Mwenzako pia hatakuwa na la kusema.

Swali: Mwanangu ana miaka minne na anapenda sana treni. Je, nimnunulie hizi ndogo ili akue nazo? Mama wa Morogoro.

Jibu: Hapana, dada. Vipande vyake huingia puani na kooni, na zile za T zina sumaku, ambazo mtoto akimeza mbili au zaidi huvutana kutoka pande mbili za utumbo na kuutoboa. Likitokea hilo, ni hospitali papo hapo, wala si kusubiri choo. Mpe treni ya mbao, na ndogo ikae juu ya kabati mpaka ajue kushika kitu bila kukionja.

Swali: Ninaishi Bremen, na nimenunua sokoni injini ya Z iliyotumika ili niipeleke Tanga kwa kaka yangu. Nikiiweka relini taa inawaka na mota inanguruma, lakini haiendi. Je, nimeuziwa kitu kibovu?

Jibu: Si lazima. Kwa dalili hizo umeme unafika, na tatizo liko kwenye mafuta. Grisi ya zamani ya injini hizi, ikikaa kabatini miaka kumi au ishirini, hukauka na kuwa kama gundi ya kahawia kwenye meno ya gia. Usiongeze volti kwa matumaini kwamba italazimika kusogea, kwa sababu mota iliyozuiwa kuzunguka hupata moto na kuungua.

Fanya kazi hii juu ya sahani nyeupe yenye ukingo, maana skrubu zake ni ndogo na zulia halirudishi kitu. Vua bodi kwa kuitanua taratibu, fungua skrubu ya mota, kisha usafishe gia kwa brashi laini na isopropili hadi kitambaa kitoke bila rangi ya kahawia. Zitazame pia kaboni mbili ndogo za mota, vile vijiti vinavyoipelekea umeme. Zikiwa zimechakaa hadi kuwa fupi, zibadilishe kabla ya kuipeleka, kwani kuzipata Tanga kutamsumbua kaka yako. Iache ikauke usiku kucha. Mafuta mapya yawe yale mepesi ya saa au ya cherehani, yanayopakwa kwa ncha ya pini, sehemu moja moja, kiasi kisichoonekana kikidondoka. Mafuta ya kupikia, ambayo nimewahi kuyakuta kwenye injini ya mtu, yatakurudisha pale pale ulipoanzia.

Baada ya hapo iendeshe dakika kumi mbele na dakika kumi nyuma kwa volti 4 au 5, bila behewa. Ikianza kwa kusitasita kisha ikalainika, ifunge kwenye boksi lake na uisafirishe, pamoja na chupa ndogo ya mafuta hayo na maelekezo ya kiasi cha kupaka.