Redio inaidakaje maada ya giza?
Kaka wa Uyole, umeuliza kama maada ya giza, ile inayojulikana kwa mvuto wake tu, haitoi mwanga, darubini ya redio itaidakaje. Ni kweli yenyewe haionekani, ila dhana ni kwamba chembe zake zikikutana zinaangamizana na hapo zinazaliwa elektroni na pozitroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) zenye kasi hatari, sasa hizo zikiingia kwenye uga wa sumaku wa galaksi zinakata kona mfululizo kama lori pale Kitonga na kila zikikunja zinatoa mawimbi ya redio. Ndo hayo yanatafutwa. Wanasayansi wanalenga vigalaksi, yaani galaksi ndogo, kama Reticulum II, maada ya giza kibao, kelele za nyota na gesi kidogo. Darubini ya redio ya MeerKAT ya Afrika Kusini ina madishi 64, inafaa sana. Mpaka sasa hakuna ishara iliyothibitishwa, ila ukimya nao unachuja nadharia. Kinachonikera mimi ni nguvu ya huo uga, kwenye vigalaksi hivyo wanakadiria tu