Jibu: Matangazo ya Google yanakula hela, yadi haina wateja

Habari kaka. Umesema yadi yako ya magari ya Kinondoni inailipa Google laki sita kwa mwezi, wanaobofya ni wengi ila wanaofika kuangalia gari ni wa kuhesabu. Usiongeze bajeti kwanza.

Kwenye akaunti yako ya matangazo, fungua ripoti ya maneno ambayo watu waliyaandika wenyewe wakitafuta Google, siyo yale uliyoyachagua wewe. Ukiacha neno "Toyota IST" wazi bila kulibana, tangazo lako linamtokea hata anayetafuta spea ya IST, anayetaka kukodi, na anayepiga hesabu ya ushuru wa TRA. Wote hao wakibofya, unawalipia. Weka "spea", "kukodi", "ushuru" na "ajira" kwenye orodha ya maneno ya kuzuia, na uipitie ripoti hiyo kila wiki. Kwa yadi nyingi hela huvujia hapo.

Angalia na mpangilio wa eneo. Usipougusa, Google hujumuisha hata walio mbali walioonyesha kuvutiwa na Dar. Chagua waliopo tu, labda kama unauza hadi mikoani.

Halafu anayebofya IST aikute IST yenyewe, picha na bei vikiwepo. Hii "bei piga simu" mnayoipenda wenye yadi inafukuza watu bure! Gari likiuzwa, zima tangazo lake siku hiyohiyo.

Na anayepokea simu na WhatsApp amuulize kila mteja alituona wapi, aandike jibu lake na gari alilonunua. Ndani ya miezi miwili utajua tangazo lipi linaleta mnunuzi na lipi linaleta watazamaji.