Fei katika nyumba ya mabati: jibu kwa dada anayeandika hadithi ya mapenzi

Dada uliyefungua uzi huu, umesema kwamba unaandika hadithi nyepesi ya mapenzi kati ya kijana wa Kampala na fei, yule kiumbe wa masimulizi ya Ayalandi, Uskoti na Wales, na kwamba kila unayempa rasimu anakurudishia akidai umemwandikia habari za majini na kumnyima usingizi. Unataka kujua ufanye nini ili msomaji acheke na awapende hao wawili. Mimi nimeandika hadithi ya namna hiyo, nimekaa nayo kwa miaka miwili, na rasimu yangu ya kwanza ilikataliwa kwa sababu hizo hizo unazozitaja. Nitakueleza yaliyonipata, kwa sababu naamini hadithi hizi zinastahili kuandikwa kwa Kiswahili hapa Uganda, na kuandikwa vizuri.

Hapa Jinja tuna kikundi kidogo cha wasomaji ambacho hukutana Jumamosi alasiri, na kila mwenye kazi mpya huisoma kwa sauti. Katika rasimu yangu fei alitoka ziwani usiku wa manane, macho yakimwaka, akamchukua fundi wa kuchomelea mageti ambaye tangu siku hiyo hakula wala hakulala, bali alikonda kwa mapenzi. Nilidhani nimeandika jambo zuri mno. Nilipomaliza, mama mmoja wa makamo, muuguzi mstaafu ambaye sote tunamheshimu, aliniambia kwa upole: "Mwanangu, huyu si mchumba, huyu ni ugonjwa." Ilinichukua wiki kadhaa kuukubali ukweli huo. Nguvu zote nilikuwa nimempa fei, na binadamu nilimwachia kuteseka tu, na mahali ambapo mmoja anateseka na mwingine hana haja na lolote, hakuna kicheko wala mapenzi.

Kuhusu jina, nakushauri uandike "fei" na uendelee nalo. Neno "jini" lina uzito wake wa dini, na msomaji akilikuta huanza kutafuta kinga badala ya kutafuta mahaba. "Kichimbakazi" limo katika kamusi, lakini kwa wasomaji wa huku kwetu ni neno la kuulizia maana.

Baada ya pale niliiweka rasimu kando, nikarudi kwenye masimulizi yenyewe. Mchungaji Robert Kirk wa Aberfoyle, Uskoti, aliyeandika juu ya viumbe hawa mwaka 1691, anasema kwamba wana watoto na yaya, wanaoana, wanakufa na wanazikana, kama sisi tulivyo. Maneno hayo yalinifungua macho. Kiumbe mwenye yaya na mazishi ana jamaa, ana adabu za kwao, ana mambo yanayomuudhi na mambo anayoyaonea haya, na mtu wa namna hiyo unaweza kumpokea nyumbani na kumkaribisha kiti.

Simulizi lililonifaa kuliko yote ni la ziwa Llyn y Fan Fach, huko milimani kusini mwa Wales. Kijana mchungaji wa ng'ombe anamwona mwanamke juu ya maji akichana nywele, anampa mkate wake, na mwanamke anaukataa kwa sababu umeokwa hadi ukakauka. Kijana anarudi nyumbani na kumweleza mama yake, naye mama anamshauri kesho apeleke unga uliokandwa usiookwa. Huo nao unakataliwa kwa kuwa ni mbichi. Siku ya tatu anapeleka mkate uliookwa nusu, na hapo mwanamke anakubali. Tazama jinsi posa nzima inavyoendeshwa na mama aliye jikoni! Kisha baba wa bibi harusi anatokea na mabinti wawili wanaofanana kabisa, akimtaka kijana amtambue aliye wake, na kijana anakaribia kukata tamaa, ila mmoja wa mabinti anausogeza mguu wake mbele kidogo, naye anamjua kwa namna alivyofunga kiatu. Baba anampa binti mahari ya wanyama wengi kadiri binti mwenyewe anavyoweza kuhesabu kwa pumzi moja, naye binti anahesabu kwa harakaharaka, moja mbili tatu nne tano, moja mbili tatu nne tano, mpaka pumzi inamwishia.

Nilipofika kwenye ule mguu niliweka kitabu chini, kwa sababu jambo hili nimelisikia tangu utotoni katika habari za Kintu, mtu wa kwanza katika masimulizi ya Buganda. Ggulu, mkuu wa mbinguni, hakutaka binti yake Nambi aolewe na mtu wa duniani pasipo majaribio. Kintu aliletewa chakula cha kushibisha umati, akaamriwa akimalize, naye akakimimina kilichobaki katika shimo. Akatakiwa ajaze mtungi kwa umande. Na mwishowe akaambiwa amtambue ng'ombe wake mwenyewe katika kundi kubwa la ng'ombe wanaofanana, na nyuki ndiye aliyemwonyesha kwa kutua juu ya pembe. Huko Wales ni mguu, huku Buganda ni nyuki, lakini msikilizaji hutabasamu kwa jambo lile lile: mnyonge anakaribia kushindwa na wakubwa, kumbe kuna anayemtakia mema aliyemnong'oneza jibu. Hapo ndipo penye siri ya wepesi, dada yangu. Katika rasimu yako, angalia ni nani anayesogeza mguu. Ikiwa fei hasaidii kwa siri, na binadamu naye hasaidii kwa siri, basi huna mapenzi bado, una uchawi tu.

Nikaanza upya. Fei wangu hakutoka tena ziwani usiku. Alikuja mchana, ndani ya mfuko wa koti zito la sufu lililofika katika robota la mivumba, yaani nguo za mitumba, pale soko la Owino jijini Kampala, na fundi wangu, ambaye nilimpa jina la Kato na karakana kando ya barabara kule Mukono, alilinunua koti hilo kwa sababu ya baridi ya alfajiri. Fei alikuwa amelala humo tangu Wales. Aliamka akiwa na njaa, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama kuna mkate usiokauka. Kato alimpa chapati, ambayo kwa bahati ilikuwa haijaiva vizuri.

Masimulizi ya fei yana miiko mingi, na kosa la wengi wetu ni kuitumia yote. Chagua miwili, kisha uikalie. Wa kwanza niliouchagua ni chuma. Wafei hawavumilii chuma, na katika masimulizi kadhaa ya Wales mke wa asili hiyo humwacha mumewe siku anapoguswa nacho, hata kwa bahati mbaya. Sasa fikiria mwiko huo katika nyumba ya mtu wa Mukono: paa ni mabati, mlango ni chuma, madirisha yana nondo, sigiri ni bati, na mwenye nyumba anashinda kutwa akichomelea mageti. Sikuhitaji kubuni kichekesho chochote, nilihitaji kutembea tu kutoka chumba hadi chumba na kuandika nilichokiona. Kato aliondoa mabati akaezeka nyasi, na majirani wakaleta mchango kwa siri wakidhani amefilisika. Sigiri ilitolewa nje, mafiga matatu ya mawe yakawekwa, na matoke yakapikwa katika chungu cha udongo, yamefunikwa kwa majani ya mgomba kama walivyopika bibi zetu.

Ukurasa ambao kikundi changu kiliupenda zaidi ni wa jioni moja. Kato amerudi kutoka karakana, amesimama nje ya kizingiti kama kawaida, amevua ovaroli, amenawa mikono kwa sabuni na majivu hadi kwenye viwiko, lakini vumbi la chuma la mashine ya kukatia limejificha ndani ya nywele zake. Fei ameketi mbali kwenye mkeka. Anachukua mchi wa mbao, analifunga sega la mti kwenye ncha yake kwa kamba ya mgomba, kisha anamchana mumewe nywele kutoka umbali wa hatua mbili, taratibu, huku vumbi likimwagika juu ya gazeti lililotandikwa, naye Kato ameinamisha kichwa asipumue kwa nguvu. Hakuna aliyesema neno la mapenzi katika ukurasa huo. Yule muuguzi mstaafu alicheka hadi akafuta macho, halafu akaniomba niusome tena.

Mwiko wa pili uliniletea kazi kubwa. Katika simulizi la Llyn y Fan Fach, mume ameonywa kwamba akimpiga mkewe mapigo matatu yasiyo na sababu, atamkosa. Mapigo yenyewe yalikuwa kugusa tu: la kwanza alipomhimiza kwa glavu waende kwenye ubatizo, la pili alipomgusa kwa kuwa analia arusini, la tatu alipomnyamazisha kwa kuwa anacheka mazishini. Mwanamke alikuwa na sababu zake. Arusini alilia kwa kuwa taabu za wale wawili zilikuwa zinaanza, na mazishini alicheka kwa kuwa taabu za marehemu zilikuwa zimekwisha. Nakubali kuwa ni simulizi zuri, lakini mkono wa mume juu ya mke sitaufanya kichekesho, wala sikushauri uufanye.

Nikageukia brauni, yule kiumbe wa Uskoti na kaskazini mwa Uingereza anayefanya kazi za nyumbani usiku na ambaye ukimpa nguo kama ujira huondoka asirudi. Kutokana naye nikatunga mwiko wangu: fei akishukuriwa mara tatu na mumewe, hesabu yao imefungwa na lazima arudi kwao. Wewe unajua maana yake katika nchi hii. Muganda hukushukuru kwa kufanya kazi, kwa kurudi salama, kwa kujifungua, kwa kununua, na hawezi kuinuka kwenye chakula pasipo kusema "webale kufumba", yaani ahsante kwa kupika. Kato aliitumia ya kwanza usiku wa kwanza, kwa mazoea, mdomo ukiwa bado umejaa. Ya pili ilimtoka siku ya kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha bwana harusi ukweni, mbele ya watu, wakati bibi jirani aliyejitolea kuwa senga, yaani shangazi, wa bibi harusi alipopita kati ya wanaume waliovaa kanzu akijifanya hamjui bwana harusi, na fei, ambaye hana shangazi duniani, akausogeza mguu wake upande wa Kato ili bibi yule asikosee. Baada ya hapo ikabaki moja, na nusu ya pili ya hadithi ni mtu anayejifunza kushukuru bila neno: kwa kuchota maji, kwa kutengeneza kiti, kwa kunyamaza akiwa ameshika sahani tupu kwa mikono miwili.

Nina maonyo mawili mafupi. Yale masimulizi ya Uskoti na Ayalandi ambamo mwanamume anaificha ngozi ya mwanamke wa bahari ili asiweze kurudi kwao, usiyageuze kuwa mahaba mepesi, kwa sababu mwanamke yule ni mfungwa. Pia usimchukue anayeheshimiwa hapa kwetu ukamfanya mchumba wa kuchekesha. Mimi naishi karibu na Bujagali, ambapo watu wa Busoga wanamheshimu Budhagaali, roho wa maporomoko ya pale, na hata bwawa la umeme lilipojengwa na kufunguliwa mwaka 2012, suala la roho huyo na maporomoko yake lilizungumzwa kwa uzito na watu wazima. Fei ni mgeni, na mgeni anaweza kukosea adabu za mwenyeji na kucheka pamoja naye. Mwenyeji wa mahali hachezewi.

Umalizio ndio uliobaki. Simulizi la Wales linaishia kwa mwanamke kurudi majini na ng'ombe wake wote, hata ndama mweusi aliyekwisha kuchinjwa anashuka kutoka kwenye ndoano na kumfuata. La Kintu linaishia kwa Walumbe, yaani mauti, kuwafuata duniani kwa sababu ya nafaka ya ulezi ya kulishia kuku iliyosahauliwa. Hadithi nyepesi haiwezi kuishia huko, lakini pia haifai kuufuta mwiko kwa muujiza katika ukurasa wa mwisho, kwa maana msomaji atajiona amepunjwa. Mimi niliuacha mwiko mahali pake.

Katika sura yangu ya mwisho wako mazishini kwa mzee jirani, yule yule aliyekuwa wa kwanza kuleta mchango wa mabati. Fei anaanza kucheka, kwa furaha ya kweli kwamba mzee amepumzika, na vichwa vinageuka. Kato hamnyamazishi. Anamshika mkono, anamwongoza nyuma ya nyumba ambako wanawake wanapika, anaketi naye mbele ya kapu la vitunguu. Kisu ni cha chuma, kwa hiyo anakishika yeye. Mkewe anamenya kwa kucha, naye anakata. Machozi yanawatoka wote wawili, na mabibi wanaopita wanawapa pole. Kisha fei, akiwa bado anacheka na kulia, anamfuta mumewe shavu kwa ukingo wa lile koti la sufu. Neno linamfika Kato kwenye ncha ya ulimi. Analimeza, anamsogezea kitunguu kingine.